Ploti namba 47 na mkebe wa risiti

Haya wasomaji, nimerudi. Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimechoka kuandika. Sijachoka. Nilikuwa nyumbani Ukambani nikimalizia jambo lililoanza mapema mwaka 2023, jambo ambalo sikuwahi kufikiri ningeliandika katika ukurasa huu wetu wa programu na mitandao. Jambo lenyewe ni kodi ya ploti.

Ngoja, usiondoke! Ukisoma hadi mwisho utaona kwamba hii ni habari ya hifadhidata kama zile nyingine ninazoandika hapa. Tofauti ni kwamba hii nusura imgharimu mama yangu ng'ombe wawili.

Kwetu tuko pande zote mbili za mto Athi. Baba alikuwa mtu wa Kitui, mama ni mtu wa Makueni, na kila upande tuna kipande cha ardhi. Kimoja ni ploti ya sokoni. Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliipata enzi za baraza la kaunti, akajenga nyumba ya kuishi nyuma na vyumba viwili vya duka mbele. Sitasema ploti hiyo iko upande gani wa mto, wala ofisi ninayoisimulia ni ipi. Walioko dirishani leo sio walioanzisha kosa, na kosa lenyewe, kama mtakavyoona, hata mimi nimewahi kulifanya. Namba ya ploti nimeibadilisha, na kwenye hesabu nimetumia kiasi kimoja cha kodi kwa miaka yote ili tusichanganyikiwe.

Baba alifariki mwaka 2019. Mwanzoni mwa 2023 mama alikwenda ofisi ya mapato kuuliza jinsi ya kubadilisha ploti iandikwe jina lake, maana alikuwa amekwisha kupata karatasi za mirathi mahakamani. Karani akabonyeza tarakilishi yake, akachapisha ukurasa mmoja, akamwambia kwa upole kwamba jina haliwezi kubadilishwa kabla deni halijalipwa. Deni lilikuwa shilingi 232,800.

Mama akanipigia simu akiwa bado pale nje. Akanisomea namba ile mara mbili. Nami, mtoto wake msomi, mtunzi wa programu wa Nairobi, nikamjibu hivi: "Mwaitu, kompyuta haidanganyi. Labda baba alikuwa halipi."

Kukawa kimya. Kisha akasema, "Baba yako? Mwalimu?" Akakata simu.

Siku ya pili mdogo wangu akanieleza kwamba mama amemwita dalali wa mifugo aje aangalie ng'ombe wawili, na kwamba anataka kuuza pia magunia ya ndengu aliyoyaweka akingoja bei ipande. Nikapanda matatu jioni ile ile.

Deni lilivyozaa

Njiani nilikuwa na ile karatasi kwenye simu, mdogo wangu alikuwa ameipiga picha. Nikaanza kuihesabu. Kodi ya ploti ilikuwa shilingi 2,400 kwa mwaka. Karatasi ilisema hakuna malipo yoyote tangu 1998 hadi 2022, yaani miaka 25. Mara 2,400 ni 60,000. Basi hiyo 172,800 iliyobaki ilitoka wapi?

Ni riba. Kila mwaka usiolipwa ulikuwa ukitozwa asilimia 2 kwa mwezi, yaani 24 kwa mwaka, bila riba juu ya riba. Shilingi 2,400 ya mwaka 1998 peke yake ilikuwa imezaa 13,824 kufikia mwisho wa 2022. Ya 1999 ikazaa 13,248. Teremka hivyo hivyo hadi 2022 ambayo haijazaa kitu, ujumlishe, unapata 172,800 kamili. Hesabu ilikuwa sawasawa. Nilijaribu kuitafutia kosa nikalikosa.

Hapo ndipo wengi wetu hushindwa. Tukiona hesabu ni sahihi tunadhani na habari ni sahihi. Hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa juu ya habari ya uongo.

Neno moja, kodi nne

Kabla sijaendelea na hadithi niwaeleze jambo ambalo mimi mwenyewe nililijua juu juu tu, ingawa nina nyumba yangu ndogo pembeni mwa mji wa Kitui. Kiswahili chetu kinatumia neno "kodi" kwa mambo mengi mno. Mpangaji analipa kodi, mwenye duka analipa kodi, na mwenye ardhi analipa kodi. Kwa mwenye nyumba nchini Kenya, mambo haya manne ni tofauti, na kila moja lina mwenyewe:

1. Kodi ya ardhi ya kaunti, ambayo watu mjini huiita "reti". Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kimezipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali. Hii hutozwa hasa mijini na sehemu zilizotangazwa kutozwa. Shamba la familia kule kijijini, mara nyingi, halimo.

2. Kodi ya ploti za sokoni. Ploti nyingi za masoko ya Ukambani hazina hatimiliki. Watu wanazo barua za ugawaji kutoka kwa mabaraza ya zamani, na hulipa kiasi fulani kila mwaka kwa kaunti iliyorithi mabaraza hayo mwaka 2013. Ploti ya baba ni ya aina hii.

3. Pango la ardhi. Kama ardhi yako ni ya kukodishwa na serikali, kwa mfano ile ya miaka 99, unalipa pango kwa serikali ya taifa, kwa wizara ya ardhi. Kaunti haihusiki hapa. Unaweza kuwa umemaliza pango lote na bado ukadaiwa reti, au kinyume chake.

4. Kodi ya mapato ya nyumba. Ukipangisha watu wakaishi, na mapato yako yako kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, unalipa KRA asilimia 7.5 ya kodi unayopokea, kabla ya kilele cha tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ilikuwa asilimia 10 hadi mwisho wa 2023.

Ukiuza, yako mengine yanayokungoja: mnunuzi atalipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na wewe utalipa kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Halafu kuna ukuta wa mwisho. Ukitaka kuhamisha ardhi iliyo ndani ya eneo la kutozwa reti, kwa kawaida utaombwa cheti kwamba hakuna reti inayodaiwa. Ndiyo maana deni la kodi ya ardhi laweza kulala miaka 20 bila kelele, likaamka siku unayotaka kuuza, kukopa au kurithi. Kwetu liliamka siku ya kurithi.

Na kiwango cha reti? Hapa pia kuna mtego. Watu hubishana juu ya asilimia wakisahau kuuliza ni asilimia ya nini. Nairobi ilikuwa ikitoza asilimia 34, na mtu akisikia hivyo anashika kichwa. Lakini ilikuwa 34 ya thamani ya ardhi iliyoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1980! Ilipohamia daftari jipya la thamani la 2019, kiwango kikashuka hadi asilimia 0.115. Tuseme kiwanja kiliandikwa shilingi 20,000 wakati ule: 34 kwa mia yake ni 6,800. Tuseme leo kinathaminiwa milioni 6: 0.115 kwa mia yake ni 6,900. Karibu ni ile ile. Mara nyingi thamani inayoangaliwa ni ya ardhi tupu, nyumba haihesabiwi. Kwa hiyo jirani aliyeacha ploti yake iote miiba na wewe uliyejenga ghorofa mnaweza kulipa sawa.

Haya, turudi sokoni.

Mkebe

Nilifika usiku. Mama alikuwa amepika muthokoi, akaniwekea, hakusema lolote juu ya simu ile. Nilipomaliza kula akaingia chumbani akatoka na mkebe wa zamani wa Kimbo, ule mkubwa wa kilo mbili, akauweka mezani mbele yangu. "Soma," akasema. "Wewe ndiye unajua kusoma."

Ndani mlikuwa na risiti. Baba alizifunga kwa uzi, kila miaka mitano fungu lake. Zile za zamani ziliandikwa kwa mkono, wino wa kaboni umefifia hadi kuwa kijivu. Nyingine zilikuwa za karatasi laini ya mashine, ile inayofutika yenyewe ikikaa kwenye joto, na hizo baba alikuwa amenakili kila kitu kwa kalamu upande wa nyuma: tarehe, kiasi, namba ya risiti, hata jina la karani. Mwalimu!

Nikafungua kompyuta yangu nikatengeneza jedwali: mwaka, namba ya risiti, tarehe, kiasi, namba ya ploti. Mama akawa ananisomea, mimi naandika. Ilikuwa saa saba usiku tulipomaliza. Tulikuwa na risiti 21. Kuanzia 1998 hadi 2019, ulikosekana mwaka mmoja tu, 2006.

Baada ya 2019 hapakuwa na kitu. Mama akaniangalia, nami nikaangalia meza. Baba alipokufa, mama alidhani mimi nalipa kwa simu kutoka Nairobi, mimi nilidhani mdogo wangu analipa kwa kuwa yuko nyumbani, naye alidhani mambo ya ploti ni ya mama. Nilikuwa nimetuma pesa za lango jipya, tangi la maji, na king'amuzi. Kodi sikuwahi hata kuiuliza. Basi ya 2020, 2021 na 2022 tulikuwa tunadaiwa kweli.

Nikahesabu upya. Miaka minne, shilingi 9,600. Riba yake, kwa kanuni ile ile, shilingi 10,944. Jumla 20,544. Hilo ndilo lilikuwa deni letu. Ile tofauti ya zaidi ya shilingi laki mbili baba alikuwa ameishughulikia mwaka kwa mwaka, akasimama foleni, akafunga kwa uzi.

Nikamwomba mama msamaha. Alisema tu, "Mimi nilimwona akilipa." Kisha akampigia dalali.

47 ni nani?

Sasa nikabaki na swali la kikazi. Kama pesa zililipwa na risiti zikatolewa, zilikwenda wapi? Nikafikiria wizi kwanza, kama Mkenya yeyote. Lakini mwizi haandiki risiti 21 zenye mpangilio.

Nikaangalia tena ile safu ya namba ya ploti. Risiti zote ziliandikwa "47". Ile karatasi ya deni iliandikwa "47B".

Mama ndiye aliyenieleza. Ploti 47 ilikuwa kubwa, na miaka ya 1990 baraza liliigawa mara mbili. Mzee jirani akawa 47A, sisi tukawa 47B. Lakini baba alikuwa na desturi ya kwenda na risiti ya mwaka uliopita kama ushahidi, na karani alikuwa akinakili namba kutoka risiti hiyo. Risiti ya kwanza ilisema 47, basi zote zikasema 47. Kwenye leja la karatasi halikuwa tatizo. Karani wa zamani alimjua Mwalimu kwa sura, alijua ploti yake ni ipi, akaandika mahali pake.

Halafu miaka ya 2000 leja zikahamishiwa kwenye kompyuta. Aliyekuwa akinakili hakuwa na sura ya Mwalimu mbele yake. Alikuwa na kitabu chenye malipo ya "47", na orodha yenye 47A na 47B. Akachagua ya kwanza. Mabaraza yalipokufa na kaunti zikazaliwa mwaka 2013, kumbukumbu hizo zikabebwa jinsi zilivyo, na mazoea nayo yakabebwa. Kila Januari baba akalipa, na kila Januari pesa zake zikaingia 47A.

Ninyi mnaofanya kazi hii yetu mmekwisha kuelewa. Katika hifadhidata, kila rekodi ina ufunguo, yaani jina lake la pekee lisilofanana na la mwingine. Kwa binadamu "47B", "47 B", "47b" na "047B" ni ploti moja. Kwa kompyuta ni vitu vinne tofauti usipoifundisha. Na "47" peke yake si kitu chochote, mfumo ulipaswa kuikataa na kuuliza, "47 ipi?" Mfumo usiouliza ndio hatari.

Nilisema ningeweza kufanya kosa hilo. Ukweli ni kwamba nimelifanya. Miaka mingi iliyopita nilihamisha karo za shule moja kutoka vitabuni hadi kwenye programu niliyoitunga. Namba za wanafunzi zilikuwa na herufi mwishoni. Niliona zinasumbua, nikaandika mstari mmoja wa kuzikata zote. Ulifanya kazi vizuri, nikalipwa, nikaondoka. Muhula uliofuata mzazi mmoja alirudishiwa mtoto nyumbani kwa karo aliyokwisha kulipa. Wakati ule niliirekebisha kwa dakika kumi na nikaisahau. Usiku ule mezani kwa mama niliikumbuka vizuri sana. Huenda mzazi yule naye aliambiwa kwamba kompyuta haidanganyi.

Kompyuta haikudanganya, kweli. Ilisema "sioni malipo". Sisi tukasikia "hakulipa". Kati ya maneno hayo mawili pana nafasi ya kupita ng'ombe wawili.

Mzee wa 47A

Ningependa kuwaambia kwamba asubuhi nilikwenda ofisini, nikaweka mkebe dirishani, mambo yakaisha. Lakini nilipokuwa nafunga viatu mama akaniuliza, "Ukiziondoa pesa za baba yako kule, mzee atabaki na nini?"

Sikuwa nimefikiria. Nikafungua jedwali tena. Mzee alilipa mwenyewe hadi 2005. Baada ya hapo, kila alipokwenda aliambiwa ana salio, hadaiwi kitu. Angefanyaje? Alirudi nyumbani akishukuru. Kwa hiyo, tukirudisha pesa zetu, 47A ingebaki na miaka 17 isiyolipwa: shilingi 40,800, na riba 78,336. Jumla 119,136, juu ya mzee wa zaidi ya miaka sabini ambaye hajawahi kukataa kulipa.

Mama akasema hatuendi ofisini kumvika jirani deni kabla hajalisikia kinywani mwetu. Tukaenda kwake. Tukakaa chini ya mwembe, tukaletewa chai, tukazungumzia mvua, tukazungumzia mbaazi. Kisha mama akamweleza yote. Mzee alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Mama Mwalimu, kumbe miaka yote hii nilikuwa nalipiwa na marehemu." Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka, akauliza ni kiasi gani.

Naye pia alikuwa na karatasi zake, ashukuriwe Mungu. Si risiti, bali taarifa alizochapishiwa miaka kadhaa zikisema salio lake ni zuri na hadaiwi. Hizo ndizo zilizomwokoa. Tulikwenda ofisini watu watatu, na barua moja ya ukurasa mmoja iliyotiwa sahihi na pande zote mbili, ikiwa na jedwali, nakala za risiti 21, nakala ya barua za ugawaji, na taarifa za mzee. Hatukwenda kupigana. Tulisema: hizi ni za 47B, ziliandikwa 47A, tunaomba zihamishwe, na huyu mzee asitozwe riba kwa miaka ambayo ninyi wenyewe mlimwambia hadaiwi.

Ilichukua miezi mitano na safari sita. Leja la zamani lilitafutwa stoo, likapatikana likiwa limeliwa na mchwa pembeni, lakini kurasa zetu zilikuwapo, na mwandiko wa karani wa zamani ulionyesha wazi "47 – Mwalimu". Marekebisho yakafanywa. Sisi tukalipa yetu siku hiyo hiyo. Suala la riba ya mzee lilingoja zaidi, kwa sababu hakuna karani anayeweza kusamehe tu. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kodi haitozwi, haisamehewi wala haibadilishwi ila kwa sheria, na kila msamaha lazima uandikwe pamoja na sababu yake. Baadaye kaunti ikatangaza msamaha wa riba kwa wote watakaolipa deni la msingi, jambo ambalo kaunti nyingi hufanya mara kwa mara, na mzee akaingia humo. Akalipa ile 40,800 kidogo kidogo. Mwezi uliopita alimaliza, na hiyo ndiyo safari iliyonifanya niwe kimya hapa. Ploti ya baba sasa ina jina la mama.

Fanya haya

Kama una nyumba au ploti, au wazazi wako wanayo, usingoje siku ya kuuza. Nimejifunza haya kwa gharama:

Kwanza, kulipa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuomba taarifa ya ploti yako baada ya kulipa, uone kama pesa imefika. Baba alitunza kila risiti lakini hakuwahi kuomba taarifa hata mara moja. Angeiomba mwaka 2006 hadithi hii isingekuwapo.

Pili, andika namba ya ploti kamili, na herufi zake, kama ilivyo kwenye hatimiliki au barua ya ugawaji. Ukilipa kwa M-Pesa, ile sehemu ya namba ya akaunti ndiyo ufunguo wako. Isome mara mbili kabla ya kuweka namba ya siri.

Tatu, ujumbe wa simu si kumbukumbu. Simu huibwa, hupotea, huanguka chooni. Piga picha risiti na ujumbe, zipe majina yenye mwaka na namba ya ploti, uweke mahali pawili. Risiti za karatasi laini zinakili upesi, zinafutika.

Nne, ukiambiwa "hudaiwi", omba karatasi. Neno la mdomo halina tarehe.

Tano, soma Sheria ya Fedha ya kaunti yako. Kitui wana yao na Makueni wana yao, na viwango vya ng'ambo hii ya Athi si lazima viwe vya ng'ambo ile. Kabla muswada haujapita wananchi huitwa kutoa maoni. Mimi nilihudhuria mara ya kwanza mwaka huo. Tulikuwa wachache, na wengi walikuja kusikia tu. Daftari jipya la thamani likitangazwa pia, nenda ukalikague. Sheria inakupa muda wa kupinga, na ukipita unabaki na thamani uliyoandikiwa. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kitaifa ya kodi ya ardhi iliyochukua nafasi ya zile za zamani, Sura ya 266 na 267, kwa hiyo madaftari haya yatazungumziwa sana miaka ijayo.

Sita, mkiwa ndugu wengi, mpeni mmoja kazi ya kodi, kwa jina. Kazi ya wote ni kazi ya hakuna. Kwetu ni mimi.

Na wenzangu watunzi wa programu: mkihamisha kumbukumbu za watu, kila mstari usioeleweka uwekeni kando muuulizie. Msikisie. Wenzetu Tanzania walichagua njia yao: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU mtu anaponunua umeme, na ufunguo ni mita. Ni rahisi, na hakuna anayesimama foleni. Lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, na kodi ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo lazima wapatane wenyewe. Kila mfumo una mtu anayebeba kosa lake. Tukitunga, tujiulize mtu huyo ni nani, na kama anao mkebe.

Nimemtengenezea mama jedwali kwenye simu yake. Anapiga picha risiti, inaingia, mimi naiona Nairobi. Anaipenda. Lakini nilipokuwa naondoka nilimwona akikunja risiti ya mwaka huu, akaifunga kwa uzi, akairudisha ndani ya Kimbo. Sikumwambia kitu.

Haya, tuonane wiki ijayo. Tutarudi kwenye mambo ya kawaida.